Mngurumo wa Gurudumu la Kushoto

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema mwenyewe ili asitokee mtu wa kunisemea. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilizaliwa nimeshaanza kugomba, na mkunga ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniomba radhi. Mdomo huu ulinifaa sana nilipokuwa nauza karoti kwenye gulio la Soni, maana mchuuzi mpole pale hurudi nyumbani na tenga lake limejaa vilevile. Ulinifaa hata zaidi zilipoingia enzi za ruksa, biashara ikafunguliwa, na kila mwenye ubavu akawa anakwenda kuuza anakotaka. Lakini siku moja kule Magamba, mdomo huohuo nusura umwachishe mtu kazi bila kosa lolote. Hiyo ndiyo siku ninayotaka kuisimulia.

Wakati huo nilikuwa na lori. Lilikuwa la tani saba, kuukuu, lililokwisha kutumika nchi za watu kabla halijaletwa kwetu, milango yake miwili ina rangi mbili. Lakini lilikuwa langu. Upande wetu wa mlima hapakuwa na mwanamke mwingine mwenye lori, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo. Nilikuwa nalipenda kuliko nguo zangu za Idi. Likirudi kutoka Tanga limejaa tope na vumbi, nilikuwa siwezi kulala mpaka lioshwe.

Dereva wangu alikuwa Mbondei wa kutoka Muheza, mtu mzima wa rika la baba yangu mdogo. Alikuwa ameendesha malori ya shirika moja la umma kwa miaka mingi, mpaka shirika likaanza kupunguza watu naye akawa miongoni mwao. Mwaka mzima alikaa nyumbani akilima muhogo, mpaka nilipomchukua. Alikuwa na watoto wanne shuleni na mke mgonjwa wa miguu, na kazi nyingine hakuwa nayo wala hakuwa na pa kuipata, maana madereva waliopunguzwa kama yeye walikuwa wamejaa kila stendi. Alikuwa mkimya, wa kujibu neno moja ukimwuliza kumi. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akaitikia marahaba, kisha nikaanza kumtuma kama mtoto.

Siku hiyo tulikuwa tumepakia kabichi, karoti na viazi kwenye vijiji vya juu, ng'ambo ya msitu wa Magamba. Ilikuwa siku ya gulio la Soni, kwa hiyo juu ya magunia walikuwa wamekaa wakulima kama kumi na wawili, wanawake wengi, waliopanda ili niwashushe njiani. Mzigo wenyewe ulikuwa wa kwenda Tanga. Mimi nilikaa mbele na dereva.

Tulipoingia msituni nikasikia sauti nyuma. Mwanzoni ilikuwa kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Nikadhani ni gunia linasuguana na bodi. Kadiri tulivyoteremka ikawa inakua, ngrrr, ngrrr, mpaka nikaanza kuisikia kwenye kiti. Nikamtazama dereva. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande wa dirisha, anasikiliza, wala hasemi.

"Nini hiyo?" nikauliza.

"Ekseli ya nyuma," akajibu.

"Imekuwaje?"

"Sijajua bado, mama."

Basi hapo ndipo nilipowaka. Tulikuwa tumebakiwa na ule mteremko wote wa kutoka Lushoto kwenda Soni, na kutoka Soni kwenda Mombo, ambako upande mmoja ni jabali na upande wa pili ukichungulia unaona vilele vya miti. Gurudumu likichomoka kule, hakuna anayerudi kusimulia. Niliogopa, na mimi nikiogopa hugomba. Nilianza palepale kwenye kiti, na aliposimamisha gari Magamba penye uwazi ukingoni mwa msitu nikashuka na kuendelea, mikono kiunoni, wakulima wote wakiwa juu ya magunia wananitazama kama wako kwenye ngoma.

Nilimwambia analikimbiza gari kama amebeba mkaa wa wizi. Nilimwambia wiki iliyopita alilipigisha kwenye shimo pale Korogwe na mimi nilinyamaza. Nilimwambia shirika lake halikumpunguza bure. Wallahi, nilisema hivyo, mbele ya watu, kwa mtu wa umri wa kunizaa. Kisha nikamalizia: "Fundi akifungua akikuta ni uendeshaji wako, wewe unashuka Soni. Madereva wako wengi."

Alichukua mawe mawili akayaweka mbele ya magurudumu ili gari lisiteremke, kwa utaratibu, kama vile hakuna aliyesema kitu. Mkulima mmoja, bibi mwenye kilemba cha kijani, akasema huko juu kwa sauti ya kunisikilizisha, "Mh! Haya." Nikamtupia jicho. Akatazama msitu.

Pale Magamba alikuwapo fundi mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Kiwanda kilipodorora na watu kutawanyika, yeye alijenga kibanda cha mabanzi kando ya barabara, akaanza kutengeneza chochote kilicholetwa, kuanzia mashine za kusaga mpaka cherehani. Sifa zake nilizisikia, ila nilikuwa sijapata kumwendea, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa pia kwamba ni kiziwi. Misumeno ya kiwanda ilikuwa imemla masikio. Nilijiuliza, kiziwi atanitengenezea vipi ugonjwa wa sauti? Lakini fundi mwingine wa karibu alikuwa Lushoto mjini, na dereva alisema gari halisogei hatua nyingine. Nilitaka kumbishia hilo pia. Nikalitazama bonde, nikaacha.

Fundi alitoka kibandani, mfupi, mabega mapana, mvi za kichwa zimechanganyika na unga wa mbao. Tukamwamkia. Akaitikia kwa sauti kubwa kama anaita mtu wa ng'ambo ya bonde, maana hakuwa akijisikia. Ukizungumza naye ulipaswa kusimama mbele yake asome midomo. Nami nikasimama mbele yake nikaanza kumweleza habari ya uendeshaji mbovu na mashimo ya Korogwe. Akaniangalia kidogo, kisha akaninyanyulia kiganja kama anayezuia ng'ombe, akamgeukia dereva.

"Ukikanyaga mafuta inalia?" akauliza.

"Inalia," dereva akajibu taratibu, midomo wazi.

"Ukiachia?"

"Inalia vilevile. Haibadiliki."

"Ukitoa gia, likajiendea lenyewe?"

"Inalia."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akafurahi. "Basi difu ile ya katikati ni nzima. Difu mbovu hulia kwa kubagua, mara ukivuta, mara ukiachia. Kona je?"

"Kona za kulia ndiyo inanguruma sana. Za kushoto inapungua, karibu inyamaze."

Fundi akampiga dereva begani. "Gari likikata kulia, mzigo wote unalalia kushoto. Kwa hiyo anayelia ni wa kushoto. Wewe umeshalitibu gari hili, mimi umeniachia kufungua nati tu."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilikuwa nimepita kona zilezile, kwenye gari lilelile, na nilichosikia mimi ni kelele tu. Yeye alikuwa amehesabu kila kona. Sikulipenda jambo hilo hata kidogo, nikasema, "Haya, tusikisie, afungue tuone."

"Sikisii," fundi akanguruma, kumbe alikuwa ananisoma midomo. "Lakini mzigo ushuke kwanza. Ita watu wako."

Hapo mtego ukanasa. Kwetu Usambara kuna kazi ya kusaidiana tunayoiita kiwili. Una shamba la kulima, una nyumba ya kusimamisha, unawaita majirani, wanakuja na mikono yao, nawe unawapikia. Malipo hakuna, ni chakula na shukrani. Na shukrani yenyewe si ya kunong'ona. Watu wakishakula, mwenye kiwili husimama mbele yao akasema kilichofanyika na nani amefanya nini. Sasa mimi, niliyemaliza kugomba sauti ikisikika mpaka msituni, ikanibidi niwageukie watu walewale, na uso laini.

"Jamani," nikasema, "naombeni kiwili."

Walicheka! Yule bibi wa kilemba cha kijani alicheka mpaka akashika kamba ya turubai asianguke. Lakini walishuka wote. Gulio la Soni lilikuwa linawasubiri, kila mmoja alikuwa na vitu vyake vya kuuza, na bado walijipanga mstari wakaanza kupokezana magunia na kabichi mpaka lori likabaki tupu. Mke wa fundi alibandika sufuria kubwa ya bada, ambayo ninyi wa pwani mnaita ugali, nami nikatoa kabichi sita nene na viazi. Nisingeweza kutoa kidogo, wananiangalia.

Jeki yetu ilizama kwenye udongo laini mara mbili. Fundi akaiwekea ubao mnene chini, wanaume wanne wakapenyeza gogo wakainua, na gurudumu la kushoto likaachana na ardhi. Wakakingamisha vipande vya magogo chini ya ekseli ili hata jeki ikiteleza asiumie mtu. Kisha fundi akamwambia dereva awashe injini na kuingiza gia ya kwanza, gurudumu lizunguke hewani.

Nilidhani sasa atatafuta mtu mwenye masikio amsaidie. Hakutafuta. Alichomoa kwenye paa la kibanda fimbo ya mti mgumu, ndefu kama mkono, iliyosuguliwa ikang'aa kwa kutumika. Akapiga magoti. Ncha moja akaiweka kwenye lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ile difu. Ncha ya pili akaing'ata kwa meno, akafumba macho.

Watu wote tukanyamaza, kana kwamba kelele zetu zingemsumbua kiziwi.

Akakaa hivyo kitambo. Akatoa fimbo mdomoni, akasema, "Laini." Akasogea mpaka kwenye habu, pale kati ya gurudumu, kwenye chuma kisichozunguka nyuma yake. Akang'ata tena. Safari hii niliona taya lake likitetemeka, na uso ukajikunja kama wa mtu aliyeuma changarawe kwenye wali. "Haya, njoo," akaniambia. "Ng'ata."

"Mimi?"

"Gari si lako?"

Nikaifuta fimbo kwa kanga, nikapiga magoti kwenye tope na nguo yangu nzuri, nikang'ata. Loo! Ule mngurumo uliingia kichwani mwangu wote mzima. Haukuwa mngurumo tena, ulikuwa mawe, kokoto zinazosagwa moja moja, nikaweza karibu kuzihesabu. Akaihamishia ile ncha kwenye difu, nikasikia kitu kama maji yanayopita kwenye bomba, basi. Nilisimama nikiwa na heshima mpya kwa meno yangu, na kwa yule fundi. Misumeno ilimnyang'anya masikio, naye akaenda zake akatafuta mlango mwingine wa kusikilizia. Mpaka leo nikiwaona watu wanaokaa kulilia walichonyang'anywa, namkumbuka yeye amepiga magoti na fimbo mdomoni.

Wakazima, wakafungua. Magurudumu mawili ya upande ule yakatoka, shafti ikavutwa nje, ikafuata nati kubwa, na mwisho ngoma nzima ya breki na habu yake. Dereva na fundi walifanya kazi bila kuzungumza, huyu akinyoosha mkono yule amekwishaweka spana. Fundi akachokoa kwa kidole ndani ya habu, akakitoa kimejaa grisi. Grisi ilipaswa kuwa ya kahawia na kunata. Hii ilikuwa nyeupe, nyepesi, kama uji wa mgonjwa. Akaisugua kati ya vidole viwili, akainusa. Nilimwona anamtazama dereva, na dereva anatazama chini.

Kisha fundi akanipungia mkono nimfuate. Tukazunguka nyuma ya kibanda, tukapita lundo la unga wa mbao, tukazidi kwenda mpaka kwenye miti kabisa. Nikaanza kujiuliza mtu huyu ananipeleka wapi. Baadaye ndipo nilipoelewa. Hakuwa na uwezo wa kunong'ona, na alilijua hilo, kwa hiyo alinipeleka mbali kiasi ambacho sauti yake isingewafikia watu.

"Mama," akasema, "beringi imekufa kwa maji. Si mwendo. Si shimo. Maji. Gari lako linaoshewa wapi?"

Chini ya kijiji chetu kuna mto, na barabara inaushukia kwa mteremko mkali wa kukanyaga breki mpaka zinanuka. Kila tuliporudi kutoka safari, nilikuwa simruhusu dereva asimame. Moja kwa moja mtoni, maji mpaka kati ya magurudumu, lioshwe lipande kijijini linang'aa. Sikutaka watu waseme lori la mwanamke ni chafu.

Nikamwonyesha kwa mkono: mtoni.

"Linaingia likiwa la moto?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi ndiyo hiyo. Chuma cha moto kikiingia maji ya baridi kinavuta pumzi ndani. Kinanywa. Ile sili, pete ya kuzibia grisi, haiwezi kuzuia. Kila safari umelinywesha maji kidogo kidogo." Akaniangalia, akaona uso wangu ulivyo. "Mimi nimekwambia wewe peke yako. Kule wakiniuliza nitasema beringi ilichoka. Vyuma vinachoka. Hayo mengine ni yako." Akaondoka akaniacha na miti.

Nilikaa pale. Kusema kweli, jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa nafuu: hakuna anayejua. La pili lilikuwa aibu, na hiyo ilikuja polepole lakini ilikuja yote.

Niliporudi nilimkuta fundi anafanya jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia kwa mafundi wa mjini wananyamaza kwanza kabla hawajakubali. Beringi mpya haikuwapo, si pale, si Lushoto. Alikuwa ameosha ile ya zamani kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, akamwonyesha dereva ile ringi yake ya ndani. Hiyo haizunguki, imekaa tu kwenye ekseli, na uzito wa gari unaiangukia upande wa chini siku zote. Upande huo ulikuwa umeliwa, una vidonda kama ndui. Upande wa juu ulikuwa mzima kabisa, haujawahi kufanya kazi.

"Huyu wa juu amekula bure miaka yote," fundi akasema. "Leo atabeba." Akaizungusha nusu mzunguko, kilichokuwa chini kikaenda juu.

Sili ya kuzuia grisi ilikuwa imekatika. Akaingia kibandani akatoka na kipande cha mkanda mnene wa ngozi, wa zile mashine za zamani za kupasulia mbao, akakichora kwa msumari, akakikata kwa kisu mduara, akakiloweka kwenye mafuta ya moto mpaka kikalainika, akakipachika. Akajaza grisi mpya kwa kiganja, akiisukuma kati ya gololi zote kama anayelisha mtoto asiyetaka kula. Mwisho akafunga nati. Aliikaza huku dereva anazungusha gurudumu, akakaza, akakaza, mpaka gurudumu likagoma. Kisha akairudisha nyuma kidogo sana. "Liachie pumzi," akasema. Dereva akalisukuma gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka bila kelele. Fundi akaweka fimbo mdomoni, akafumba macho, akatabasamu nayo mdomoni.

"Itakufikisha Tanga," akamwambia dereva. "Tanga ununue mpya. Usizidishe mwendo wa baiskeli kwenye mteremko, na kila kijiji usimame, uguse habu. Ikikuunguza, ngoja ipoe."

Chakula kilikuwa tayari. Tukala chini ya ukuta wa kibanda, wanaume sinia lao, wanawake letu. Mimi bada haikupita. Nilikuwa najua kinachofuata, na kila mtu alikuwa anakingoja. Tuliponawa, nikasimama.

Nikamshukuru fundi, kwa mkono na kwa sauti. Nikamshukuru mke wake. Nikawashukuru wakulima, mmoja mmoja, walioshusha kabichi, walioinua gogo, nikasema hongea, hongea mno, kama kwetu tunavyoshukuru. Nikafika kwa dereva. Nikasema, "Na dereva." Basi. Ulimi ukaganda. Mimi, mwenye mdomo wangu! Nikakaa.

Watu wakainuka kwenda kupakia. Magunia yakapanda, kabichi zikapanda, turubai likafungwa. Ndipo nikamwona dereva anamwendea fundi, anampa ufunguo wa gari mkononi.

"Mpatie mama mtu wa kuliendesha kuanzia hapa," alikuwa anamwambia, midomo wazi, taratibu, ili aelewe. "Awe mtu wa kwenda polepole. Mwambie habari ya kugusa habu."

Alikuwa anaondoka kwenye kazi pekee aliyokuwa nayo, na bado alikuwa analitafutia gari langu dereva mzuri. Nikasimama juu ya gogo lile walilokuwa wameinulia gari, nikapiga kelele.

"Ni mimi!"

Wakageuka wote.

"Si mwendo! Si shimo la Korogwe! Ni mimi niliyekuwa naliingiza mtoni likiwa la moto, kila safari, ili ninyi mlione linang'aa! Maji yameingia kwenye beringi. Fundi ameniambia kule nyuma nami nikanyamaza, nikala nanyi nimenyamaza. Mzee huyu hana kosa. Niliyoyasema asubuhi nimeyasema kwa ujinga, na lile la shirika nimelisema kwa ubaya."

Kisha yule bibi wa kilemba cha kijani akasema, bila haraka, "Nyani haoni kundule." Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, kwa sababu nilistahili, na kwa sababu aliyesema alikuwa ametumia asubuhi yake yote kunishushia viazi.

Dereva peke yake hakucheka. Nikamfuata. "Mzee wangu, nisamehe."

"Nimekusamehe, mama."

"Wewe hukujua?"

"Nilijua nilipoiona grisi. Nilikwambia mara moja, siku ile pale mtoni, tuliache lipoe kwanza. Ukaniuliza gari ni la nani."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesahau kabisa, lakini alipotamka nilikumbuka hata nilivyosimama.

"Sasa kwa nini leo hukusema, mbele ya watu wote, ukajitetea?"

Akaniangalia bila hasira yoyote. "Ungeniamini?"

Fundi, ambaye alikuwa akitusoma midomo muda wote, akamrudishia ufunguo.

Tukateremka. Nilikaa mbele nimefumba mdomo kutoka Magamba mpaka Mombo, jambo ambalo sijalirudia. Kona za kulia zilikuja, nyingi, mabonde yako palepale, na nyuma hakukuwa na sauti yoyote zaidi ya tairi na lami. Soni wakulima walishuka, gulio limeshaanza kuvunjika, wakakimbilia kuuza walichoweza. Kila kijiji tulisimama, naye akashuka akaweka mgongo wa kiganja kwenye habu. Mombo akaniita, "Njoo ushike na wewe." Nikashika. Ilikuwa vuguvugu, kama kikombe cha chai iliyosahauliwa. Usiku ulikuwa umekwisha kuingia tulipofika Tanga, kabichi zote nzima.

Beringi mpya tuliipata kesho yake. Tuliporudi nyumbani, akaliegesha gari juu kabisa ya mteremko, mbali na mto, likiwa chafu vile vile, akanipa ufunguo. "Mama, nitakuendeshea mpaka utakapompata mwingine."

Nilitaka kusema maneno mengi. Nikasema, "Haya, natafuta."

Wiki iliyofuata, asubuhi ya safari, akaniuliza, uso mkavu kabisa, "Umempata?" Nikamwambia, "Bado natafuta." Na wiki ya baadaye akauliza tena. Ikawa ndiyo desturi yetu. Miaka saba, kila safari, "Umempata?" "Bado natafuta, mzee." Hatukucheka hata siku moja, maana tungecheka ingeharibika.

Mwaka wa nane macho yakaanza kumsumbua. Nililiona mapema, nikajifanya sioni. Asubuhi moja alifika kwa miguu, na nyuma yake mwanaume mmoja mtulivu wa makamo, ambaye alipopita penye lori aliinama kwanza akagusa habu. Dereva wangu akasimama mbele yangu, akanipa ufunguo kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "nimekupatia."

Nilimtazama yule mgeni, nikaona kweli ni mtu mzuri, amechaguliwa na anayejua. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba bado natafuta. Sauti haikutoka.